Wajina wa Kimbunga

Redio zilipoanza kutangaza Kimbunga Hidaya, Malindi ilipata mzaha mpya. Hidaya binti Abdalla, fundi cherehani, akipita sokoni huambiwa, "Mpisheni, asije akatung'olea mabati!" Naye hucheka. Watu wa Malindi ukiwanunia ndio kwanza huzidisha.

Kicheko kilikatika Jumatano. Ijumaa ilikuwa siku ya posa yake. Watu wa Harith, mchumba wake, walikuwa waje kutoka Mambrui. Hidaya alikwishapita thelathini, wadogo zake wote wana watoto, na Harith alimpenda kwa dhati. Basi shangazi akaleta habari: Bi Nana, mamake Harith, ameahirisha. Kasikia redioni kwamba Kimbunga Hidaya chaja na chaweza kuvunja nyumba. Na Mswahili akisema nyumba imevunjika, mara nyingi hasemi ukuta, asema ndoa.

"Subiri," shangazi alimwambia. Asubiri nini? Mchumba hampigii simu mamake bwana harusi, haya humzuia. Hidaya alilijua hilo, na akapiga.

"Shikamoo, mama. Ni mimi Hidaya."

"Marahaba." Sauti ilikuwa kavu.

"Mama, kimbunga hiki si kile kisulisuli cha kuzoa takataka uani. Huzaliwa juu ya bahari yenye joto. Hewa hupanda, mawingu hukusanyika, pepo zikazunguka jicho la katikati. Majina yake huwekwa mapema kwa orodha, watu wasichanganye. Zamu imeangukia langu tu."

"Na hilo jicho lina nini?"

"Shwari, mama."

"Wewe nani alikupa jina?"

"Marehemu baba. Watoto walionitangulia hawakuishi. Niliponusurika akasema, huyu ni hidaya kutoka kwa Mola."

Simu ikakatwa. Hidaya aliinamia cherehani yake akalia, hata kitambaa cha mteja kikarowa.

Ijumaa mvua ilinyesha kutwa. Redio ikasema kimbunga kimeelekea pwani ya Tanzania, nasi tumeponea ukingoni. Hidaya aliwaombea dua wa huko. Akiwa bado kwenye mswala, hodi ikabishwa mlangoni. Ni Bi Nana, karowa chapachapa, na nyuma yake wazee wa Harith wamejikunyata.

"Nianikie buibui hili, mwanangu," akasema. "Sirudi Mambrui bila jibu la posa."