Chumba cha Nje

Nilipokuwa nikitafuta nyumba, madalali wa Busia walinichoka. Kila nyumba waliyonionyesha niliikagua nyuma kabla ya kuingia ndani. Sikujali vigae wala sinki. Nilitaka chumba cha nje, chenye mlango wake na paa lake, kwa sababu Mama hangeweza kulala chini ya paa moja na mume wangu. Kwetu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe. Mtu wa huku haelezwi jambo hilo, kwa hiyo sikulieleza.

Tulikuwa tukiishi Malaba, kwenye ploti inayotazamana na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda. Watoto walicheza katikati ya magurudumu, na mimi nikashinda nikiwapigia kelele. Mama alikuwa Rukala, peke yake tangu Baba afe. Kila masika mto Nzoia ulifurika ukamtoa nyumbani, akaishia kwenye hema katika uwanja wa shule. Baridi ya hema ilikuwa imemharibu kifua. Niliapa kwamba masika mengine hayatamkuta huko.

Nyumba nikaipata nje ya mji, upande wa Busibwabo. Ulikuwa mtaa wa familia hasa: ua wa michongoma, geti, watoto wakiendesha baiskeli barabarani, majirani wakisalimiana wakienda kanisani. Nyuma ya jikoni palikuwa na chumba cha nje, kimefungwa kufuli. Nilimwuliza mwenye nyumba, mama mstaafu aliyeishi ploti ya pili, kama nacho ni chetu.

"Si kiko ndani ya boma yako?" akasema.

Nikafurahi kama mjinga. Hata ufunguo sikuomba.

Mvua zilipoanza, mume wangu alikwenda mwenyewe kumchukua Mama. Alimketisha kiti cha nyuma cha gari la kukodi, wasitazamane usoni, jinsi adabu inavyotaka. Mama alishuka akikohoa, na godoro lake limefungwa kamba, na kuku mmoja mkononi. Nikavuka kwa mwenye nyumba kuomba ufunguo.

"Ni nani atalala huko?"

"Mama yangu."

Alichungulia juu ya ua, akasikiliza kile kikohozi. "Kiko na vitu vyangu," akasema. Nilipomwambia tutavihamisha wenyewe, akaacha kujifanya. "Dada, mimi pia ni mtu wa huku, siwezi kukuzungusha. Huyo mama ni mgonjwa. Siku yake ikifika akiwa kwa hiyo nyumba, nani atakuja kupanga hapa tena? Hapa ni mahali pa familia."

Na mama yangu ni nini, jiwe? Nilimwuliza hivyo, na nikamwambia mengine ambayo siyaandiki.

Mume wangu alisema atarudi Malaba alale kwa rafiki yake, Mama abaki na nyumba. Mama alikuwa ameketi nje, chini ya dirisha la jikoni, wajukuu wakimparamia na kumwita kukhu, kukhu. Alikataa.

"Nitoe mwanaume kwa nyumba yake? Na hata akienda, paa si ni yake?"

Nilimwambia Mungu haangalii mapaa.

"Mungu haangalii," akasema, "lakini mimi naangalia."

Nilimkasirikia. Mpaka leo namkasirikia, ila sasa sina wa kumfokea.

Jirani mmoja mwenye huruma alimpa pa kulala, lakini katika nyumba ya watu asiowajua Mama aliona aibu hata kukohoa. Haikuchukua muda akasema arudishwe kwao. Nilibembeleza, nikalia mbele ya watoto. Godoro aliliacha kwangu, akisema huko litaloa tu. Niliendelea kumtafutia chumba kingine, na kabla sijakipata alifariki, kwenye hema, maji yakiwa bado hayajashuka. Tulimweka mochari tukingoja udongo wa Rukala ukauke ndipo tumzike.

Watu walipokusanyika kwetu kupanga mazishi, mwenye nyumba alikuja na sukari na majani ya chai. Alinishika mkono, akatokwa na machozi, na sidhani yalikuwa ya uongo. Kisha akatoa ufunguo mfukoni.

"Wageni wa matanga wakikosa pa kulala, wafungulie kile chumba," akasema.

Niliupokea. Nguvu za kugombana sikuwa nazo. Nilikwenda peke yangu nikafungua. Hapakuwa na vitu vyake wala vya mtu yeyote, ila kiti kimoja kilichovunjika mguu, na vumbi. Nilifagia, nikalileta godoro la Mama, nikalifungua kamba na kulitandika pale ukutani, mbali na mlango, upepo usimpate. Lilienea, na hata nafasi ya kuku wake ilibaki.