Malkia wa Sabuni

Mkasa huu nimeuficha miaka mingi kwa aibu, na nyie najua mtacheka mwanzoni, chekeni tu, hata siku yenyewe ilianza kwa watu kucheka.

Ilikuwa miaka ile ya themanini, dukani hakuna kitu, sukari kwa foleni, sabuni ndiyo usiulize, tunafulia majivu, na walanguzi wanasakwa nyumba hadi nyumba. Mimi nilikuwa bwana shamba kijana hapa Babati, nimepanga chumba Maisaka kwa Mama Paulina, mjane kutoka Mbulu aliyenilisha kama mwanawe. Jioni tulicheza sataranji, watumishi sita hivi, kwa seti moja aliyotuachia fundi mgeni, na mtunza seti nilikuwa mimi (nilijichagua mwenyewe, msiniulize kura zilipigwa lini). Tukapata habari kwamba Jumamosi anakuja mwamuzi kutoka Arusha, tushindane, bingwa aingie timu ya kanda. Ijumaa nafungua boksi, malkia mweupe hayupo. Askari waliopotea tulikuwa tunawawekea vizibo vya soda na hakuna aliyejali, hata malkia angeweza kuwa kizibo, lakini kwa kiburi changu nikaona mgeni atanicheka.

Asubuhi hiyohiyo Mama Paulina alikuwa ameiona kola ya shati langu akasikitika, akanipa kipande cha sabuni ya mche alichokifunga kwa jani la mgomba.

"Fua hiyo kola, mwanangu, usiende mbele ya watu hivyo," aliniambia kwa sauti ya chini. "Ila anika ndani, na usimwambie mtu."

Alikuwa na katoni mbili ghalani chini ya mahindi, kabadilishana na dereva mmoja kwa magunia ya mahindi, za harusi ya binti yake Paulina. Nilijua, maana mimi ndiye niliyemsaidia kuzibeba. Basi badala ya kufua nikashika kisu nikachonga, malkia akatoka na taji lake na kiuno chake, nikalala nikijisifu.

Jumamosi ukumbi wa shule umejaa, mvua inapiga bati, nacheza na Deo, karani aliyekuja kwa baiskeli kutoka Mutuka, kalowa hadi vidole. Nilikuwa namshinda, haki ya Mungu. Nikamtoa malkia wangu kafara makusudi (akimla tu, hatua mbili na mfalme wake kwisha), Deo akamla, malkia akamponyoka, akamkamata, akaponyoka tena, na povu likatoka katikati ya vidole. Watu walicheka mpaka mwamuzi akafuta macho. Kisha mmoja akamnusa malkia, akampa wa pili, wa pili akampa wa tatu, na kicheko kikapungua benchi kwa benchi, maana wengi wao hawakuwa wamenusa sabuni kwa miezi.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa amekaa mbele. Akauliza polepole, "Bwana shamba, hii umeipata wapi?"

Ningeweza kusema nimeiokota, nimetoka nayo kwetu Singida, lolote. Nikafikiria kazi yangu, nikafikiria watu waliokuwa wamechukuliwa, nikasema, "Nimepewa na Mama Paulina, ya kufulia."

Mchezo haukumalizika. Balozi akaita polisi, wakaenda moja kwa moja kwa Mama Paulina na kupekua mpaka ghalani, nami nikawafuata kama mjinga, mahindi yakamwagwa uani kwenye tope mpaka katoni zikaonekana. Mama Paulina alitolewa na kitenge chake cha shambani, hakulia, wala hakusema kwamba tulizibeba wote wawili. Aliponifikia alisimama akanitazama shingoni.

"Kumbe kola hukufua," alisema, akapandishwa kwenye Land Rover.

Alirudi masika yameisha, amekonda, na harusi ya Paulina ilikuwa imeshavunjika, upande wa bwana harusi walikataa kuoa kwenye nyumba yenye kesi. Nilihamia Nangara. Kila nilipokutana naye njiani nilimwamkia shikamoo, na mpaka anazikwa hakuwahi kuacha kuniitikia marahaba, hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, afadhali angenitukana. Sataranji sijaigusa tena na sitaigusa. Wajukuu wangu wanacheza drafti hapo nje, na wakilalamika kwamba kete zao hazipendezi, nawaambia kizibo kinatosha.