Chungu ya Masikio Mbili

Mvua ya kwanza ikigusa vumbi, na ile harufu ya udongo ikiingia mulangoni, mimi siko tena muzee. Niko kule kwetu, upande wa Kabambare, wakati Wababeleji, Wazungu wa Ubelgiji, walitutawala, nimekaa karibu na Nyanya Mwamini, mama ya baba yangu. Anafinyanga, na moshi ya nyasi inatambaa chini pole pole sawa usingizi.

Vyungu vyake vyote vilikuwa na sura shingoni: mwanamuke mwenye kufunga macho, sikio moja tu. Upande wa kuume, kovu. Alimuchora na mwiba, akiimba ndani ya pua. Kisimani, Sakina binti Ramazani alinichekaga: «Ee Mayani, chungu ya nyanya yako iko sawa imbwa ya baba yangu, sikio moja! Ukiiita inasikia?»

Nikapata haya. Siku moja Nyanya alienda kukata nyasi za kuchomea, akaniacha nilinde vyungu saba vibichi mbuzi zisikanyage. Nikalowanisha udongo, nikawapa wale mama wote sikio la pili. Nilikuwa natengeneza, mujue. Nilingojea anisifu.

Nyanya akarudi, akatua muzigo, akaangalia. Akafungua fundo la kikwembe alichojifunga kiunoni, akatoa kipande cha muti, cheusi, kidogo sawa mbegu ya haragi.

«Shika, muke-mwenzangu,» akasema, ndivyo alinitaniaga. «Hii ndiyo sikio yake. Mama yetu wa muti, mababu walimuchonga. Mu vita ya Wazungu na Waarabu, askari walimutoa mu nyumba yake, akaanguka penye mulango. Wakaenda naye. Hii ikabaki chini, nikaiokota. Nilikuwa mutoto sawa wewe. Sasa umemuponesha. Nani atajua kama walimubeba?»

Akakwangua masikio sita. Ya saba ilikuwa imekwisha kukauka na jua. «Hii tukiigusa, chungu yote itapasuka. Iache.»

Alipokaribia kufa, alinipa lile fundo. Kisha vita zingine zikatupitia. Tulikimbia mara tatu, vyungu vikavunjikia mu njia. Ikabaki moja tu: ile ya uongo wangu. Maji yake ni baridi hata leo.

Juzi kitukuu changu Zawadi akaipapasa shingo: «Nyanya, huyu mama alikuwa muzima, eh?»

Miaka yote nilizani Nyanya anachora tu sura ya yule mama wa muti. Kumbe kila mara alikuwa anarudi pale penye mulango, siku ile ya askari.

Nikamwaga maji, nikapakata chungu magotini, nikachukua jiwe. Ndiyo ilikuwa ya mwisho. Nikagonga mara moja, penye lile sikio nililoongeza. Ikalia kidogo.

Haikupasuka; sikio tu likaanguka chini. Nikataka kuinama, lakini magoti haya! Zawadi alikuwa amekwisha kuokota kile kipande cha udongo, amekifumba mukononi, hataki kunipa.