Bibi aliyetunza vidonge vya majira vya wanawake wanane, kijiji kikasema anafunga vizazi (mkasa wa kweli, Bariadi)

Wakuu, kwema humu?

Leo naandika kitu nilichokaa nacho miaka mingi. Sitaongeza chumvi, na sitapunguza ili nionekane msomi. Wa kuamini aamini, asiyeamini apite kimya kimya, uzi ni mrefu kidogo.

Mimi ni mama mtu mzima, muuguzi mkunga mstaafu. Kwetu ni Nassa, kwa wala samaki, ila maisha yangu ya kazi karibu yote yaliishia Bariadi.

Ilikuwa miaka ya tisini, enzi za ruksa. Serikali ilikuwa imeruhusu zahanati za watu binafsi, na daktari mmoja wa mjini akafungua ya kwake kwenye kijiji kimoja upande wa Sapiwi. Yeye alikuwa anakuja mara moja moja. Siku nyingine zote mkunga ni mimi, mfamasia ni mimi, mfagizi ni mimi.

Najua kuna watakaosema vidonge vya majira vilikuwa bure serikalini. Kweli vilikuwa bure, ila havipo. Mwanamke anatembea nusu siku mpaka kituo cha serikali, anaambiwa stoku imeisha, rudi mwezi ujao. Mimba haina habari za mwezi ujao.

Kwetu vilikuwepo, kwa hela. Sasa mwanamke wa kule hela anaitoa wapi? Pamba analima yeye, anapalilia yeye, anachuma yeye. Siku ya mzani anapokea baba. Wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuingia na malori na hela mkononi, mwanaume anarudi nyumbani na redio, wengine na redio na mke mdogo.

Tuendelee.

Kulikuwa na mama mmoja, nitamwita Minza. Uzazi wake wa mwisho nilimzalisha mwenyewe, na alivuja damu mpaka nikaanza kusali kwa sauti. Alipopona nikamwambia wazi, "Minza, mimba nyingine itakuzika."

Akauza mayai kidogo kidogo, akanunua pakiti yake ya kwanza. Mama mkwe akaikuta kwenye kirago cha kulalia, akaitupa chooni. Akanunua ya pili, mume akaikuta. Alikuja zahanati analia, mayai yameisha na kuku wenyewe wameisha.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba bei siyo ile ya kwenye rafu tu. Mwanamke ambaye dawa yake inatupwa kila mara ananunua kitu kimoja mara tatu.

Nikamwendea daktari, nikamwomba aninunulie boksi kubwa duka la jumla Mwanza, na tuwauzie kwa bei ile ile ya kununulia. Alikuna kichwa, akakubali. Wanawake wanane wakachangishana. Ikabaki shida moja, vikae wapi, maana zahanati ni mbali kwenda kila jioni?

Bibi mmoja, Mayu Milembe (mayu ni mama kwa Kisukuma, tunaitana hivyo wanawake wote), akasema, "Leteni kwangu. Nani atatafuta dawa ya uzazi kwa kikongwe?"

Mayu Milembe alikuwa mjane, watoto wake wote walishatangulia. Kibanda chake kilikuwa peke yake kando ya njia ya lamboni. Macho yake yalikuwa mekundu sana, maana kule kuni ni shida na alipikia samadi kavu ya ng'ombe, moshi wake si wa mchezo. Vidonge akaviweka kwenye kibuyu kidogo, akakining'iniza darini.

Ikawa kila jioni wanawake wakienda kuchota maji wanapita kwake. Mmoja anaingia, anameza, anatoka, anaendelea na ndoo yake.

Wakuu, mpango ulifanya kazi. Msimu wa pamba ukapita, ukaja mwingine, hakuna hata mmoja kati ya wale wanane aliyeshika mimba. Mimi nikajiona mjanja.

Jioni moja nilikuwa natoka kumwona mgonjwa upande wa pili wa lambo. Nikasimama kwenye mbuga nipumzike, nikakitazama kile kibanda kwa mbali.

Mwanamke akaingia. Akatoka, akafuta mdomo kwa kiganja, akaondoka bila kuaga. Akaja mwingine. Akaingia, akatoka, akafuta mdomo. Hawasalimiani njiani, hawacheki. Na mlangoni kile kikongwe chenye macho mekundu kinawahesabu kwa kichwa.

Nilijua kila kitu kilichokuwa kinaendelea mle ndani, kwa sababu nilikipanga mimi. Lakini nywele zilinisimama. Nikajiuliza, kama mimi naogopa, asiyejua anaona nini?

Jibu halikuchelewa. Nyumba zenyewe za pale ni chache, na wanawake wanane kuacha kuzaa kwa pamoja ni jambo linaloonekana. Wazee wakaenda kwa nfumu, yaani mganga wa kupiga ramli. Akapasua kifaranga, akasoma matumbo.

Akasema kuna kibuyu kinachokunywa mimba za kijiji. Kinaning'inia kwa kikongwe mmoja mwenye macho mekundu, na wanawake wenyewe wanapelekwa kwake bila kujijua.

Hapa wajuaji wa humu wataniambia kuna mtu alimnong'oneza. Inawezekana. Niliwauliza wanawake wote mmoja mmoja, wakaniapia kwa watoto wao. Kile kibuyu nilikuwa nakijua mimi, bibi na wao tu. Mpaka leo sina maelezo, na sipendi kulifikiria nikiwa peke yangu.

Kwa wasiojua, miaka ile kikongwe mwenye macho mekundu akitajwa na mganga, mara nyingi hakumaliza mwezi. Mapanga.

Asubuhi moja mwano ukapigwa, lile yowe la kuita kijiji kizima. Sungusungu, wale walinzi wa jadi, wakaitisha dagashida, mkutano ambao hakuna anayeruhusiwa kukosa. Nilipofika mchana, Mayu Milembe alikuwa amekaa chini juani, katikati ya duara la wanaume. Kibuyu kiko mbele yake.

Mtemi wa sungusungu, mzee mwenye sauti ya taratibu, akamwaga vidonge mkononi. Kijana mmoja aliyesoma soma akageuza pakiti, akasema, "Ni kizungu hiki, Mtemi."

"Mayu, hii ni nini?" Mtemi akauliza.

Nikapiga hatua kwenda mbele. Nilikuwa tayari kusema. Lakini kusema maana yake ni kuwataja wale wanane mbele ya waume zao, na wote walikuwa pale. Bibi akaniona. Akatikisa kichwa kidogo sana, kama anayefukuza nzi.

"Ni dawa yangu ya macho," akasema.

Nfumu alikuwepo. Akasema, mchawi hali uchawi wake. Akiula, utarudi juu, atautapika mbele yenu.

Mtemi akamnyooshea kiganja kilichojaa. "Basi meza, Mayu. Tukuone."

Wakuu, ninaposema nilichoka, nilichoka. Vidonge vile kwa wingi ule havimuui mtu mzima, hilo nilijua. Lakini side effect ya kwanza ya kumeza vingi kwa mpigo ni kichefuchefu, tena kikali. Akitapika, amejihukumu. Na mfukoni sikuwa na hata kidonge cha kuzuia kutapika.

Akaanza kumeza. Bila maji, kimoja kimoja.

Nikawatafuta wale wanawake kwa macho. Walikuwa wametawanyika, mmoja huku, mwingine kule, kila mmoja karibu na mumewe. Kila bibi alipomeza, makoo yao yalicheza. Wote wanane, kwa pamoja, kama nao wanameza. Sijui kama walijijua. Sijawahi kuona kitu cha kutisha kama kile, na nimefanya kazi wodini miaka mingi.

Vilivyobaki Mtemi akavitupa kwenye moto uliokuwa umewashwa hapo kando. Kisha tukasubiri.

Tulisubiri mpaka jua likaanza kuinama. Bibi alifumba macho, jasho linamtoka, midomo imekuwa myeupe. Mara mbili nilimwona shingo inapanda, mara mbili akairudisha chini. Nilikuwa nasali ndani ya roho na nimekasirika na Mungu hapo hapo.

Ng'ombe ndio waliomwokoa. Walianza kurudi kutoka malishoni, na Msukuma hawezi kukaa mkutanoni ng'ombe wakiingia bila mtu zizini. Mtemi akasimama.

"Hakutapika. Mayu ni msafi. Tawanyikeni."

Wanaume wakaondoka. Ng'ombe wa mwisho alipopita tu, bibi akanishika mkono, nikamburuta nyuma ya kibanda, akatapika mpaka nikadhani anaondoka. Nilimshikilia kichwa, nalia. Alipopata pumzi nikajua ataniomba maji, au atanilaumu, maana haki ya kunilaumu alikuwa nayo.

Akasema, "Mayu, Minza leo atameza nini?"

Nilipanda baiskeli mpaka zahanati, nikachukua pakiti kwenye stoku ya daktari bila kumuuliza. Minza alimeza dozi yake jioni ile ile njiani, na ndoo ya maji kichwani. Daktari nilimweleza baadaye, akakatwa stimu kidogo, akasamehe.

Toka hapo mpango ulibadilika. Vidonge vilikaa zahanati, na tulivitoa siku ya kupima watoto uzito, ambayo kila mwanamke anakwenda na hakuna anayeshangaa. Mtu alilipa alipoweza, kwa kuku, kwa mpunga, wengine waliosubiri msimu tuliwasubiri. Wenye waume wakali walikuwa wanachukua kidogo kidogo, vya wiki moja, ili vikikutwa na kutupwa isiwe hasara ya mwezi mzima.

Mayu Milembe alikufa kitandani kwake, kwa uzee. Minza yupo, ni bibi sasa, anauza mchele mjini Bariadi na ana mdomo mrefu wa kubishania bei. Kiwanja cha bibi hakuna anayekilima mpaka leo. Wanasema pale pana mambo. Mimi ninayejua ukweli wote, nikipita pale jioni naongeza mwendo.

Nilichojifunza ni kwamba kumsaidia mama amudu vidonge hakuishii kwenye kupunguza bei. Kuna kijiji kizima kinachomtazama akivimeza.

Haya, uwanja ni wenu, wa kukosoa na wa kubeza pia. Ila wauguzi wenzangu mnaosoma, naomba mnijibu hili moja: mgonjwa wako akitoka mlangoni na pakiti yake, unajua anakwenda kuificha kwa nani?