Siku ya Wigand

Walipomzika Bwana Volrad, kabaila wa Ebersrode, ngao yake waliilaza juu ya jeneza kichwa chini miguu juu, kama inavyofanywa kwa mwanamume wa mwisho wa ukoo. Mpiga mbiu akatangaza: "Leo yupo wa Ebersrode, baada ya leo hayupo tena." Kisha udongo ukamwagwa.

Hiltrud alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango wa kanisa. Ndiye aliyemnyonyesha marehemu miaka hamsini na miwili iliyopita, lakini hakuna aliyemsogezea kigoda. Waliomjua walikuwa wamekufa, wote isipokuwa Sista Oda, dada wa Volrad, aliyekuwa mtawa hapo hapo bondeni na mwandishi wa kitabu cha majina ya wafu wanaosomwa kanisani kila mwaka. Naye alikuwa anakohoa damu. Hiltrud alijua kwamba asiposema siku hiyo, hatasema tena.

Watu walipotawanyika akaenda kugonga mlango wa watawa. Bawabu, mtawa mnene mwenye ulimi mwepesi, alichungulia.

"Bibi, supu ya msiba imekwisha. Nenda jikoni, huenda umebakiziwa ukoko."

"Sikuja kwa supu. Nimekuja kwa kitabu."

"Kitabu! Tangu lini kuku akasoma zaburi?"

"Kuku hasomi," Hiltrud alisema, "lakini mayai yake mnayala. Mwambie Sista Oda kuna Hiltrud."

Bawabu alicheka bila kutaka, akamfungulia.

Oda alikuwa ameketi kando ya dirisha, blanketi mabegani, kitabu wazi mbele yake. Wino wa jina la ndugu yake ulikuwa haujakauka.

"Yaya," alisema. "Bado u hai?"

"Nimesahauliwa tu, mwanangu." Hiltrud alibaki amesimama. "Nataka mwanangu Wigand aandikwe humo. Asomwe kila mwaka, kama wenu."

Oda alifuta kalamu kwa muda mrefu. "Humu huandikwa watu wetu, Yaya, na waliotoa kitu. Shamba, msitu, kinu."

"Nami nilitoa."

"Ulitoa nini?"

"Maziwa yake."

Nje bata bukini walikuwa wakipiga kelele mtoni. Hiltrud alipopandishwa ngomeni kumnyonyesha Volrad, Wigand alikuwa na miezi miwili. Alimwacha kijijini kwa mama mkwe, akilishwa uji wa shayiri kwa kitambaa. Kutoka dirisha la chumba cha mtoto aliweza kuona moshi wa nyumba yake. Kila asubuhi aliutazama ule moshi na kujiambia kwamba mle ndani wako salama.

"Nilijua," Oda alisema ghafla. "Nilikuwa na miaka sita. Mama alitukusanya, sisi na watumishi, akasema atakayemwambia Yaya kwamba mwanawe amekufa atachapwa, maana huzuni huchachusha maziwa. Nikaja kucheza miguuni pako, nikanyamaza."

"Ulinyamaza vizuri," Hiltrud alisema. Hakusema kwa hasira. Hasira yake ilikuwa imezeeka kumzidi yeye mwenyewe.

Oda akachovya kalamu. "Alikufa siku gani?"

Hapo ndipo Hiltrud alipokwama. Kitabu kilipangwa kwa siku za kufa. Jina lisilo na siku halikuwa na mahali pa kukaa. Mama mkwe hakuwahi kumtajia siku. Alisema tu ilikuwa baridi, na kwamba padre alikuja akiwa amechelewa.

"Mimi nakumbuka theluji tu," Oda alinong'ona. "Nimwandike leo, pamoja na Volrad? Ni ndugu wa kunyonya. Watasomwa pamoja, na watu watakuwa wengi."

Hiltrud alilitazama lile jina bichi la wino. Alimpenda Volrad, ndiyo aibu aliyokuwa akiibeba.

"Hapana. Hiyo ni siku yake. Tayari alinyonya maziwa ya mwenzake." Akavuta pumzi. "Andika sikukuu ya Mtakatifu Gertruda. Ndiyo siku niliyoambiwa kwamba amekufa. Hadi asubuhi ile nilikuwa na mtoto."

Oda aliandika polepole, akipumzika kila herufi chache. Kabla ya majani kuanguka, naye akaandikwa na mkono mwingine.

Machi iliyofuata, sikukuu ya Mtakatifu Gertruda, siku wanawake wanapoacha kusokota nyuzi na kushika majembe ya bustani, Hiltrud alishuka bondeni kabla jua halijachomoza. Kanisani hapakuwa na mtu upande wa wanakijiji. Nyuma ya kizuizi cha mbao mtawa kijana alisoma majina ya siku hiyo: mtawa mkuu wa zamani, mtu aliyetoa kinu, kisha, kwa sauti ile ile ya haraka, "Wigand, mwana wa Hiltrud."

"Nipo," Hiltrud alijibu kwa sauti, kabla hajajizuia.

Msomaji alisita kidogo, kisha akaendelea na sala. Hiltrud alikaa mpaka mishumaa ilipozimwa, akarudi nyumbani, akachukua jembe.