Murwaza wa Kabagwira

Hebu mwone Athanasie akiingia lango la hospitali: chupa ya uji kwapani, beseni mkononi, kitenge cha kulalia kiunoni, anatembea kama mtu aliyekwisha kugombana na dunia nzima. Hajagombana na yeyote, jamani. Amechoka tu.

Kigali mgonjwa halazwi peke yake. Lazima awe na murwaza, mtu wa kumwogesha, kumlisha, kumfulia, na usiku kutandika mkeka kando ya kitanda. Kabagwira, mjane aliyevunjika nyonga, hana mtoto wala ndugu mjini. Ana jirani yake Athanasie, na ana kwaya ya parokia aliyoiimbia tangu usichana. Basi murwaza ni Athanasie, wiki ya pili sasa, na kule Rwezamenyo anakoshona, tajiri wake ameshamtumia ujumbe: kesho asubuhi usipoonekana, cherehani nampa mwingine.

Jumapili, baada ya semina ya utume wa Kanisa, Athanasie alisimama mbele ya watu akaomba mtu wa kumpokea zamu hospitalini. Mmoja tu. Valens, kiongozi wa kwaya, akamjibu kwa upole kabisa, "Dada, usihangaike. Jumatano tunakuja kwaya nzima." Watu wakapiga makofi. Athanasie naye akapiga, maskini, akidhani wamemwelewa.

Leo ndiyo Jumatano, na kwaya hiyo hapo, sare za buluu, imezunguka kitanda hata muuguzi hana pa kupita. Wameimba, wamesali, wameimba tena. Valens ameeleza kwa kirefu maana ya kutumwa. Kabagwira anatabasamu kwa adabu. Shuka chini yake limelowa tangu kabla hawajafika, na mbele ya wanaume wote hao aseme nini? Athanasie alijua. Alimnong'oneza Umulisa wa sauti ya kwanza, "Waambie wanaume watoke kidogo." Umulisa akaweka kidole mdomoni. Sala haikatizwi.

Mlinzi akagonga mlango, muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Wakapiga picha, ikaruka papo hapo kwenye grupu la WhatsApp.

"Nani anabaki?" Athanasie akauliza.

Wakatazamana.

"Kubaki vipi?" akasema Valens.

"Kulala hapa. Kumgeuza. Kumfulia."

"Ah, dada. Tuna mazoezi Remera, na Jumamosi ndiyo mkutano wa Injili. Kila mtu na karama yake. Wewe Mungu amekupa hii."

"Mimi niliomba zamu, Valens. Karama sikuomba."

Valens akacheka, akadhani ni utani, akampa mkono na kutoka. Nyimbo zikaanza tena huko uani.

Swafiya, aliyekuwa akimuuguza mama yake kitanda cha pili, akatengeneza mtandio wake. "Watu wako wana sauti tamu, mama. Mikono wameiacha wapi?"

Athanasie akapandisha mikono ya blauzi. Akamimina maji kwenye beseni, akavuta pazia, akaanza kulitoa lile shuka polepole, upande wenye maumivu mwisho. Kabagwira akamshika kiganja.

"Kesho nenda kashone. Mimi kwaya itaniangalia."

Alivyolisema neno hilo, huwezi kujua kama aliliamini au alimwonea jirani yake huruma. Athanasie alikamua kitambaa.

Sasa niambie wewe uliyenisikiliza hadi hapa: kukicha, ungeshika njia ya Rwezamenyo?