Hatua Sita za Korido

Wenzake walimwita Mzee Ngazi, maana lifti ya makao makuu ya Jumuiya ilikufa zamani na tarishi alikuwa yeye. Ghorofa ya nne, Rais wa Baraza na Rais wa Kamisheni walikaa milango ikitazamana, hatua sita tu. Lakini wakubwa wale hawakusemezana ila kwa barua, na barua haikuvuka korido: ilishuka masjala, ikagongwa mhuri, ndipo ikapanda tena. Miezi saba sasa walikuwa wakiandikiana nani akate utepe wa daraja la mpakani. Daraja limekwisha kujengwa, limefungwa kamba. Wananchi wanavuka mto suruali zimekunjwa.

Jumatano hiyo Mzee Ngazi alibeba barua yake mwenyewe. Binti yake wa pekee, ng'ambo ya mto ule, alikuwa anaolewa Jumamosi. Likizo ya tarishi ilitaka sahihi za marais wote wawili. Wa Baraza ameshatia.

"Dada," alimbembeleza karani wa masjala, "niruhusu nivuke nayo korido tu."

"Baba, utaratibu ni utaratibu. Iache, Jumatatu itatoka."

"Jumatatu mwanangu yuko kwa mumewe siku ya tatu!"

"Basi mpe hongera zetu."

Akaichukua barua yake, akapanda ngazi anatweta, akaivuka korido. Rais wa Kamisheni alishtuka kuona barua haina mhuri.

"Imetoka kwa wa Baraza moja kwa moja?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kumbe ni karibu hivi!" Akatia sahihi kabla hajakumbuka kukasirika.

Alipokumbuka, tarishi alikuwa ameshapanda basi. Kwa mara ya kwanza katika miezi saba wakubwa wakaafikiana, tena siku hiyohiyo: likizo ifutwe, barua ya kuifuta ifikishwe mara moja kwa mkono wa tarishi. Ikawekwa kwenye trei yake. Iko hapo, inamngoja aje aipeleke.

Kule darajani mlinzi alimzuia. "Mzee, kibali?"

Mzee Ngazi hakuwa na karatasi nyingine, akampa ile ya likizo. Mlinzi hakusoma maneno. Alizikodolea macho sahihi mbili, pamoja, kwenye ukurasa mmoja. Kitu hicho hajapata kukiona.

"Wameelewana?"

"Juu ya hili, ndiyo."

Mlinzi akapiga saluti, akafungua kamba. Mzee akavuka na suti yake begani, viatu vikavu, na nyuma yake soko zima la kando ya mto likamfuata.